Kwenda Nsangi na Kurudi Bila Kusimama

Sharti la Afande lilikuwa moja tu: nisisimame. Nitoke kwenye geti la kambi ya polisi, nipite Old Kampala, nipande kilima cha Lubaga, niteremke Natete, nishike barabara ya Masaka mpaka Nsangi, niguse ukuta wa kanisa la pale, kisha nirudi njia ile ile mpaka getini. Kupunguza mwendo, ruhusa. Kusimama, hapana. Nikiweza, jina langu litaingia kwenye maratoni pamoja na wanaume wa kambi. Nikishindwa, nirudi jikoni kwangu, na habari za mbio asizisikie tena kutoka kinywani mwangu.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Afande."

"Basi sema wewe."

"Nisisimame."

Huyo Afande alikuwa sajini, mwalimu wa mbio wa kambi yetu, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka. Jina lake ninalo, na la koplo wa baiskeli ninalo, hata la mama mmoja aliyeuza matooke, ndizi za kupika, sokoni Natete, kwa sababu baadaye nilirudi kumuuliza. Hakuna jina la wakati ule lililonitoka kichwani. Lakini siyaandiki. Watoto wao wapo, na wengine hawajui wazazi wao waliishia wapi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Kwetu Teso mbio nilizijua nyuma ya ng'ombe wa baba. Nikaolewa na konstebo, nikaletwa Kampala, chumba kimoja kambini, jiko nje. Siku ya michezo ya kambi wake wa polisi tulikimbizwa kuzunguka uwanja, wenzangu wakamaliza wakaanguka kwenye nyasi wakicheka, mimi nikaendelea kuzunguka kwa sababu nilikuwa bado sijachoka. Watu walicheka sana. Mume wangu hakucheka. Jioni aliniambia, "Mama watoto, kesho asubuhi wanaume wakitoka mazoezi, na wewe fuata nyuma." Nikafuata. Nikawa nafuata kila siku, na wanaume wawili watatu wakawa wananifuata mimi. Hapo ndipo nilipoitaka maratoni. Sikutaka zawadi wala kusafiri. Nilitaka kusimama pale kwenye mstari na namba kifuani, mtu apige filimbi, na mimi niende.

Sasa, nguo. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imepiga marufuku magauni mafupi, na suruali kwa mwanamke, na goti likionekana tu barabarani umeshakuwa mkosaji. Wanaume wa kambi walikimbia na kaptula. Mimi ilibidi nikimbie na sketi inayopita magoti, nayo sketi haijui kukaa chini mtu akikimbia. Inapanda. Nikaenda soko la Owino kwa fundi wa cherehani, nikamweleza. Akaweka mkasi chini.

"Nnyabo, unataka sketi ya kukimbia ambayo haikimbii?"

"Ndiyo hiyo."

Akafikiri, kisha akanishonea sketi pana ya kaki, pindo lake kubwa kama mfuko, na ndani ya pindo akaweka maharage makavu, akapiga sindano kuzunguka yote. "Haya ni mazito," akasema, "hata upepo ukija utaipita." Kweli ilitulia. Ilinipiga kwenye miguu kama mtu anayenichapa polepole njia nzima, lakini ilitulia.

Afande alipatikana Jumamosi tu, baada ya kazi ya mchana, kwa hiyo mbio zilianza jua likiwa kali. Akamtuma koplo mmoja mnene anifuate na baiskeli awe shahidi. Koplo huyo alipenda utani kuliko kazi. Tulipofika mteremko wa kwanza ananipita akiimba, tukifika mlima anashuka kusukuma baiskeli, mimi nampita.

"Dada! Polepole! Mimi nina familia!"

"Panda baiskeli, koplo."

"Baiskeli yenyewe imechoka!"

Njia nzima watu walikuwa wanauliza neno moja kwa Kiganda, "Nnyabo, ani akugoba?" Mama, nani anakufukuza? Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba hakuna. Nikaona jibu hilo linawatisha zaidi, nikanyamaza.

Natete ndipo palipoharibika. Siku zile ukimwona mtu anakimbia, humuulizi. Unakimbia kwanza, utauliza ukishafika ndani. Mimi nilikuwa nimesahau jambo hilo, kwa sababu kambini walinizoea. Nikaingia sokoni nimelowa jasho, macho mbele, na nyuma yangu koplo amevaa sare, filimbi shingoni, anakanyaga baiskeli kwa hasira na kupiga kelele, "Ngoja! Wewe dada, ngoja!" Soko lote likainuka. Niliona milango inafungwa kabla sijaifikia. Wanawake walibeba watoto, mwanaume mmoja akaruka juu ya nyanya zake mwenyewe. Na mimi nikazidi kwenda mbio, nikidhani kuna jambo nyuma yangu ambalo sijaliona.

Mkono ukanikamata. Mama mmoja muuza matooke, mnene, mwenye gauni la gomesi la kijani, alinivuta kwa nguvu, akanisukuma chini ya rundo la majani ya migomba, akaketi mbele yangu kwenye kigoda chake.

"Mama, niache," nikamwambia. "Yule ni mtu wangu."

"Nyamaza. Wote wanasema hivyo wakiogopa."

"Simkimbii mtu! Nisisimame, mama, nitashindwa!"

"Nyamaza nimesema!" Akanigandamiza kichwa na mkono.

Nikasikia baiskeli ya koplo inafika. "Mama, umeona mwanamke amepita hapa?"

"Sijaona mtu, ssebo."

"Mwanamke mwembamba, ana sketi ya kaki."

"Ssebo, mimi macho yangu ni ya zamani. Naona matooke tu."

Ilibidi nitoke mwenyewe kwenye majani, na vipande vya majani kichwani, koplo akaanza kucheka mpaka akashika usukani. Mama yule alitazama huku akatazama kule. Tulipomweleza, hakucheka. Alinikasirikia kama mama aliyenizaa.

"Unakimbia bure? Hivi hivi? Wakati huu?" Akapiga mapaja yake. "Mimi moyo wangu umesimama hapa kwa ajili yako, na wewe unacheza!"

Nikayakung'uta majani kichwani. Niliendelea mpaka Nsangi na nikarudi, miguu yote ikiuma, lakini nilijua nimeshashindwa.

Afande alikuwa getini na saa yake mkononi. "Ulisimama?"

"Nilisimamishwa, Afande. Natete, mama mmoja alinificha..."

"Nimeuliza, ulisimama?"

"Ndiyo."

"Jumamosi ijayo."

Usiku ule mume wangu alinipaka samli miguuni, ile ya kutoka Teso. Ya Natete aliyaacha, alijua nikianza kusema sitamaliza.

Jumamosi ya pili tukajipanga vizuri zaidi. Koplo asivae sare, avae shati la nyumbani, na asinifuate nyuma, atangulie. Akatangulia, akipita kila mahali anapaza sauti kwa Kiganda na Kiswahili kwamba ni michezo, ni michezo tu, msikimbie. Natete watu walisimama pembeni wakitazama kama wanaotazama mwendawazimu. Mama wa matooke aliniona, akainuka kwenye kigoda.

"Wewe! Bado hawajakukamata?"

"Bado, mama!"

"Haya, pita! Lakini leo sikufichi!"

Nikafika Nsangi, nikagusa ukuta wa kanisa bila kusimama, mkono tu, nikageuza. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa na uji wa wimbi kwenye chupa, koplo ananipa kutoka kwenye baiskeli, nakunywa nikienda. Nikasema moyoni, leo Afande ataniandika.

Tulipofika Kyengera tukakuta rodibloki, kizuizi cha wanajeshi. Wakati wa kwenda haikuwepo. Mapipa mawili, mti umelazwa juu yake, na wanajeshi wanne au watano wamekaa kivulini. Mmoja akainuka na bunduki.

"Wewe! Simama!"

Nikafika mbele yake, nikaendelea kukimbia pale pale, miguu juu, miguu chini.

"Nimesema simama! Miguu yako iko nini?"

"Afande, niko mazoezini. Nikisimama nimeshindwa."

"Nani alisema hiyo?"

"Afande wangu wa kambi ya polisi."

Akageukia wenzake. "Sikia! Afande yake alisema asisimame. Mimi nasema asimame. Nani mkubwa?" Wakacheka. Mkubwa wao, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, akasema bila kuinuka, "Wacha aruke. Aruke hapo hapo. Akienda mbele, piga."

Nikaruka hapo hapo. Koplo akaanza kueleza kwamba yeye ni polisi, huyu ni mke wa mwenzake, hii ni kazi ya kambi.

"Kitambulisho?"

Koplo akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa mwingine. Nikamwona uso unabadilika. "Iko kwa sare, afande."

"Sare iko wapi?"

"Nyumbani."

"Polisi bila sare, bila kitambulisho. Chuchumaa! Ruka kama chura!" Na koplo na mwili wake ule akachuchumaa, akaanza kuruka kuzunguka baiskeli. Kwa hiyo tukawa wawili tunaruka katikati ya barabara ya Masaka, kila mmoja kwa namna yake.

Yule mwenye bunduki akaja kuangalia sketi yangu. Akaligusa pindo kwa mdomo wa bunduki, likalia, kwa sababu ya maharage.

"Iko nini ndani?"

"Maharage, afande."

"Maharage?" Akashika pindo, akaminya. Nikaona macho yake yanawaka. "Kahawa! Hii magendo! Amebeba kahawa kwa nguo!"

Hapo hata wale wa kivulini waliinuka. Wakati ule kahawa ya magendo haikuwa jambo la mchezo, watu walikuwa wanauawa kwa ajili yake. Koplo aliacha kuruka, akaniangalia. Mimi niliendelea. Nilikuwa naogopa sana, nawaambia, lakini miguu niliiacha iende, kwa sababu ilikuwa inajua kazi yake, na mimi wakati huo sikujua yangu. Yule mwanajeshi akatoa kisu cha bunduki, akainama, akaanza kukata pindo, nami nanyanyua miguu kwa uangalifu nisijikate, "Polepole, afande, tafadhali," mpaka mshono ukaachia na maharage yakamwagika barabarani, mekundu, yakabingirika mpaka chini ya mapipa.

Akaokota moja. Akaliuma. Akalitema.

"Ni maharage," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Mkubwa wao akauliza, "Mwanamke, nani anakimbia na maharage?"

"Ni ili sketi isipande, afande. Ni sheria."

Sikujua kama atacheka au atatoa amri nyingine. Akasema, "Hiyo sheria mzuri. Nenda. Na shika nguo yako."

Tukaenda. Kwa wakati wote ule miguu yangu haikutulia hata mara moja, koplo ni shahidi. Lakini jua lilikuwa limeshuka sana, na sketi sasa haina uzito, inapanda kila hatua. Nikawa nakimbia na mkono mmoja mbele umeshika kitambaa, ukichoka nabadilisha. Jaribu kupanda Lubaga hivyo. Mtu akikimbia anahitaji mikono, mikono ndiyo inayovuta miguu. Nilikuwa nasaga meno kwa hasira, naitukana ile sheria kimyakimya, namtukana fundi, namtukana hata yule aliyelima maharage. Koplo alisukuma baiskeli nyuma yangu. Hakutania tena mpaka Old Kampala, aliposema tu, "Dada, umebakiza kidogo."

Nikaona uzio wa kambi. Nikaona geti, na Afande amesimama, na mume wangu pembeni yake. Nilikuwa nimeshaanza kuinua mkono.

Tarumbeta ikalia.

Asiyeishi kambini hawezi kuelewa. Saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa, na tarumbeta ikilia kila mtu anasimama pale alipo, ameielekea bendera, mikono chini. Mwenye ndoo anasimama na ndoo. Anayempiga mtoto anasimama na fimbo juu. Watoto wetu walijua kusimama kabla ya kujua kusema. Askari ambaye mke wake angepita wakati wa bendera, hasa nyakati zile, asingelala nyumbani.

Nikasimama. Mguu mmoja mbele. Niliona geti pale pale, karibu kiasi cha kurusha jiwe. Na Afande naye amesimama, mikono imenyooka, saa yake imening'inia, hawezi hata kuitazama. Tarumbeta haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Msuli wa nyuma ya mguu wangu ukakaza kama kamba, machozi yakanitoka, sikuyafuta kwa sababu mikono ilitakiwa chini. Na sketi, kwa dharau, sasa ilitulia yenyewe.

Ilipokwisha, nikaenda mpaka getini nikichechemea.

"Umesimama," Afande akasema.

"Afande, kila mtu amesimama. Na wewe umesimama."

"Mimi sikimbii."

Koplo akasema, "Afande, mimi shahidi. Kuanzia hapa mpaka Nsangi mpaka hapa hajasimama. Hata kwenye rodibloki aliruka hapo hapo. Mimi nimeruka chura!"

"Nilisema nini, mama?"

"Nisisimame."

"Na umefanya nini?"

"Na kama ningeendelea?"

"Ungeendelea, ningemkamata mume wako."

Alisema hivyo bila ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa anasema kweli tupu, na sharti lake lilikuwa kweli, na bendera kweli, na mimi katikati sina pa kupita. Akaizungusha saa yake mkononi. "Jumamosi ijayo, mwanzo mapema. Nitaomba ruhusa nitoke kazini kabla ya wakati." Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipa kitu, na wakati ule sikukiona. Nilimgeuzia mgongo.

Alhamisi mume wangu alirudi, akavua kofia, akakaa kitandani.

"Afande hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Hayupo, mama watoto." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba lilikuja gari lisilo na namba. Hakuna aliyeuliza. Hata mke wake hatukuthubutu kumwendea mchana.

Jumamosi ilipofika nilichukua sketi nikakuta pindo limeshonwa, tena kwa mishono mikubwa ya mwanaume, na maharage mapya ndani. Mume wangu alikuwa ametazama pembeni. Nje koplo alikuwa ananisubiri na baiskeli, shati la nyumbani, kitambulisho mfukoni, akakigonga nikione. Hakuna aliyemtuma.

Siku hiyo hapakuwa na kitu cha kunizuia. Natete mama wa matooke alinipungia mkono bila kuinuka. Kyengera barabara ilikuwa wazi, nikaona maharage machache bado yako pembeni, yamekanyagwa na magari. Niligusa ukuta, nikageuza, nikapanda Lubaga na mikono yangu yote miwili, nikashuka, nikafika getini jua likiwa bado lipo. Safari yote, kwenda na kurudi, sikusimama.

Pale aliposimama Afande hapakuwa na mtu mwenye saa.

Nikaendelea kukimbia pale pale, miguu juu, miguu chini.

"Dada, umefika," koplo akasema. "Simama sasa."

"Nani anasema nimefika?"

"Mimi."

"Wewe huandiki majina."

Mume wangu akaja. "Mama watoto, inatosha." Wanawake wakatoka majikoni, wakanitazama, hakuna aliyecheka. Sikuweza kusimama. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye sikuruhusiwa hata kuuliza yuko wapi, na kama ningesimama hasira hiyo ningeiweka wapi? Nikaruka pale mpaka tarumbeta ikalia. Hapo nikasimama, kama wote.

Mwalimu mpya wa mbio alipoletwa, nilimwendea. Alisema hajasikia habari ya mwanamke yeyote, na hakuna aliyemwachia neno. Koplo alimweleza. Akasema asante, koplo, rudi kazini.

Siku ya maratoni nilipanda Lubaga asubuhi na ndoo ya maji na vikombe vya plastiki. Maharage ya pindo la sketi nilikuwa nimeshayapika. Wanaume wa kambi yetu wakaja wakiupanda mlima na kaptula zao, wamefunguka vinywa, wakaniona, wakanijia. Kila mmoja alichukua kikombe, akasimama, akanywa mpaka mwisho, akashusha pumzi, akanirudishia kikombe, akaendelea. Hakuna aliyewauliza kama wamesimama.